Mkeo Amepanda Kile Kilima

Déo,

Viatu vyako hatukuvipata. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya mkeo, kabla ya mtoto. Vile vyekundu vyenye chuma chini, vya kunasa kwenye pedali, ambavyo mtu akitembea navyo sakafuni vinalia kwa-kwa-kwa kama kwato za mbuzi. Nilikuacha umelala kando ya barabara nikakimbilia kituo cha mafuta kuomba msaada, maana simu yangu ilikuwa imezimika kwa baridi. Niliporudi na mlinzi wa pale, ulikuwa na soksi tu. Mtu alikuwa amekuvua. Hakukufunika, hakukugeuza uso, hakukugusa kifua aone kama unapumua. Alifungua viatu akaondoka navyo. Na havitamfaa kitu, Déo. Hawezi kutembea navyo hata kufika dukani. Wewe ungecheka mpaka ukae chini.

Mimi sijacheka bado.

Sijawahi kukuandikia. Tulikuwa watu wa kupigiana kelele, mimi mbele wewe nyuma, upepo ukituibia nusu ya maneno. Leo nimekaa na kalamu kwa sababu kuna mambo yamepita tangu tukuzike, na mtu pekee ambaye angeyaelewa bila kuelezwa mara mbili ni wewe. Ni mambo ya baiskeli. Na ni mambo ya mkeo, Bibiane.

Unakumbuka ulivyonijia kule Doornfontein, kwenye karakana yangu ya kutengeneza vyerehani? Ulikuwa umetoka Malvern na cherehani nzima umeifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Nikakuambia hakuna mwenye akili anayebeba cherehani kwa baiskeli mji huu wa dhahabu wenye vilima. Ukaniambia kwenu Lubumbashi ulikuwa unaingiza magunia ya makaa mjini kwa kinga kabla hujaota ndevu, na cherehani kwako ni kama kubeba mtoto mgongoni. Kinga! Mimi mtu wa Tanga, nikadhani unazungumzia kujikinga na kitu, kumbe kwenu ndiyo baiskeli. Ukanicheka mbele ya wateja wangu. Wiki iliyofuata ukaniletea baiskeli nyembamba, kuukuu, cheni imejaa kutu, ukasema, "Wee fundi, tengeneza hii, halafu panda. Una tumbo ya mama mjamzito."

Huo ndio ulikuwa ukarimu wako.

Tukawa tunatoka kila alfajiri kabla hujafungua duka lako la kushona sare za shule pale Jules Street. Wenzetu wa kundi waliacha kila baridi ilipoingia, wakarudi Septemba wamenenepa. Wewe hukuacha. Ulisema mbio za kuzunguka jiji ni Novemba lakini anayengoja jua ameshashindwa. Nyasi nyeupe kwa barafu, vidole havina habari, walinzi wa usiku wanaota moto kwenye madebe yaliyotobolewa na kututazama kama vichaa. Na wewe unaongea. Ulikuwa unaongea zaidi tukipanda, makusudi, kunionyesha kwamba pumzi unazo za kutupa. Ulitukana gia zangu, miguu yangu, wali wa nazi niliolelewa nao, mama aliyenipikia.

Siku ile ulinyamaza. Tulikuwa kwenye ile barabara inayojikunja kutoka Bez Valley kupanda Yeoville, kona ya mwisho kabla ya kileleni, na nyuma yangu pakawa kimya. Nilifurahi, Déo. Nilidhani nimekuchosha. Nikapiga pedali zaidi mpaka juu, nikageuka nikuchekelee, nikaona baiskeli yako imelala na gurudumu bado linazunguka.

Daktari alisema ni moyo. Alisema huenda ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa, na ungeweza kufa hata ukipanda ngazi. Alisema kama vile anatupa zawadi.

Kwenye matanga pale kwenu Malvern, mchungaji wenu alisimama katikati ya viti vya plastiki akasema tusilie sana, ndugu yetu amekufa akifanya kile alichokipenda. Watu wakaitikia amina. Mkeo alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Akainua uso akasema, si kwa sauti kubwa, lakini chumba kizima kilisikia: "Na siye? Siye alikuwa anatuvumilia?"

Mchungaji alifungua Biblia akatafuta mahali, akatafuta, karatasi zikawa zinalia peke yake. Grâce wako alikuwa amelala magotini kwa mama yake, au alijifanya amelala.

Nikaenda nyumbani nikasema mimi na baiskeli basi. Niliigeuza uso ukutani kama mtoto mtundu.

Halafu asubuhi moja, juma la pili au la tatu baada ya mazishi, mlango wangu wa Joubert Park ukagongwa. Ghorofa zote zile, na lifti haifanyi kazi, unaijua. Nikafungua. Bibiane amesimama kwenye ukumbi na baiskeli yako begani. Ameipandisha ngazi zote hizo. Alikuwa amevaa jezi yako ile ya kijani uliyoishona mwenyewe, imembana mabegani na kumpwaya tumboni, na juu yake sweta, na juu ya sweta kitenge. Hakunisalimia.

"Salum, shusha hii kiti. Miye nataka kuona ile kitu alikuwa anaenda kuangalia kila asubuhi."

Nikamwambia shemeji, ingia kwanza upate chai. Nikamwambia ni hatari. Nikamwambia huu ni msiba unaosema, si wewe. Akaegemeza baiskeli mlangoni akanitazama.

"Miaka yote hii ananiamusha akitafuta soksi. Nalala tena, naamka, njo namuona amerudia, amelowa jasho, anacheka na ukuta. Nikimuuliza ulikuwa wapi, anasema juu. Juu ni wapi? Unipeleke juu."

Nilishusha kiti. Nilidhani nitamfundisha kupanda na kushuka kwenye uwanja, ataanguka mara moja, atakoma. Tukaenda nyuma ya karakana kwenye ule uwazi wa magari. Akavua kitenge, akakikunja, akanipa nishike, akapanda baiskeli yako akaondoka. Akazunguka uwanja, akakata kona bila kuweka mguu chini, akarudi akasimama mbele yangu.

Baba yake alimfundisha akiwa mtoto. Alikuwa anapeleka unga kwa shangazi yake kwa baiskeli. Miaka yote ile, Déo, chumba kimoja, kitanda kimoja, hukuwahi kumuuliza. Nilimwuliza mimi mbona hukumwambia. Akasema, "Hakuniuliza." Basi. Hata hakukasirika alivyosema.

Tukaanza. Sikutaka, lakini tukaanza. Alikuwa anamwacha Grâce kwa jirani, anakuja mpaka Doornfontein, tunatoka. Hakuwa na miguu, pumzi zilimkatika kwenye mwinuko wowote, siku za kwanza alitapika kando ya barabara na kufuta mdomo kwa mkono wa jezi yako. Nilikuwa mpole naye. Shemeji taratibu, shemeji pumzika, shemeji leo inatosha. Na yeye alinichukia kwa upole ule, nilimwona.

Kitu ambacho sikukitegemea ni sauti. Cheni yako inajulikana. Ile tik ndogo kila mzunguko, ambayo ulinikataza kuitengeneza kwa sababu ulisema ndiyo inayonipa hofu. Alfajiri, giza bado, mimi mbele, na nyuma yangu tik, tik, tik. Mara ngapi nimefungua mdomo nikujibu kabla hujatukana. Nikigeuka naona jezi ya kijani, na kichwa si chako. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia ukatili kama ule, na mwenye kuufanya alikuwa hajui.

Asubuhi moja kwenye mwinuko wa kutokea Jules Street kuelekea Kensington alikuwa anapanda kwa kuyumba, amepinda mgongo, gia imemshinda, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Wee, panda! Au nikuitie teksi wewe na magunia yako ya makaa?" Kwa sauti yako. Kwa Kiswahili chako, hata si changu. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikasimama nimwombe radhi.

Hakusimama. Alinipita. Alipofika juu alikuwa anahema kama mtu aliyetolewa majini, akauliza, "Njo vile alikuwa anakuongelesha?"

Nikasema ndiyo.

"Kila siku?"

Kila siku.

"Miye alikuwa ananiongelesha mupole. Kama mugonjwa." Akafuta jasho kwa mkono wa jezi. "Basi endelea vile."

Kuanzia hapo nilimtukana mkeo kila asubuhi, Déo. Nilimtukana kwa maneno yako yote niliyoyakumbuka, na yalipokwisha nikatunga mengine. Na akawa na miguu. Akawa na mapaja ya mtu wa mbio. Alikonda usoni, macho yakamtoka, wanawake wa kanisani kwenu wakaanza kusema mjane gani huyu, mumewe hajakauka ardhini, yuko barabarani na mwanamume, tena Mwislamu, amevaa suruali inayobana. Walimwambia usoni, kwenye saluni anakosuka nywele. Aliendelea kusuka. Mteja mmoja akahama kiti kwenda kwa msusi mwingine, naye akamalizia kichwa kilichokuwa mbele yake.

Halafu theluji. Ungesema nadanganya. Mji huu, watu wazima wamezeeka bila kuiona, na mwaka huu uliokufa wewe ndio ikaamua kuja. Tulitoka asubuhi chini ya mbingu nzito kama blanketi lililolowa, na mvua yenye barafu ikitupiga meno. Nikamwambia turudi. Akasema, "Ye angerudi?" Nilijua jibu na yeye alijua kwamba najua.

Tulikuwa katikati ya Jules Street mvua ilipoacha kutoa sauti. Nilidhani masikio yamekufa ganzi. Nikatazama juu, ni vipande vyeupe, vingi, vinashuka polepole kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa. Maduka yakatapika watu. Wenye vibanda vya spaza, mafundi wa matairi, wasichana wa saluni na mabegi ya plastiki kichwani, kila mtu na simu yake juu, wanapiga mayowe, wanacheza. Mzee mmoja alikuwa ametoa ulimi nje. Kila mtu katika mji huu alikuwa na furaha asubuhi ile, Déo, wageni na wenyeji, hata polisi. Mimi na mkeo tu tulikuwa tunafanya kazi.

Kwenye roboti ya njia panda taa ikageuka nyekundu, akashika breki, na gurudumu la mbele likamkimbia. Alianguka kwa ubavu, akateleza, akasimamishwa na tairi la teksi iliyokuwa imesimama. Niliona kila kitu. Niliona kichwa chake kilipo na tairi lilipo. Dereva akapiga honi. Abiria wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa tayari wanacheka. Na zile simu zote zilizokuwa zinatazama juu zikashuka zikamtazama yeye. "Eish, sista, uko sharp?" kijana mmoja alimwuliza huku anampiga picha. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mkono mmoja una simu, na wa pili nadhani ulikuwa mfukoni kwa baridi.

Suruali ilikuwa imepasuka, nyama ya goti iko wazi, na damu juu ya theluji ina wekundu ambao sikuwahi kuuona. Nikamwinua. Hakulia. Alikuwa anaitazama ile damu yake inavyoingia kwenye weupe, akasema taratibu, "Yeye hata damu haikumutoka." Halafu akainua baiskeli, akanyoosha usukani kwa kuubana katikati ya mapaja kama mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka, akapanda. Tulimaliza mzunguko.

Picha ile ilizunguka simu za Malvern nzima. Watoto shuleni waliiona. Grâce alinijia karakanani na begi lake la shule, akaniambia kwa Kiingereza chake cha Kizulu, unajua anavyoongea, Kiswahili anasikia tu, hajibu. Alisema nimwambie mama yake aache. Wenzake wanaanguka uwanjani makusudi, wanajiita mama yake Grâce, wanapiga honi kwa midomo. Alikuwa na hasira ile ya kitoto ambayo haina pa kwenda. Alisema baba alipoendesha baiskeli hakuna aliyecheka.

Nilimpelekea Bibiane ujumbe. Alisikiliza akiwa anachambua maharage. Akauliza, "Kama mutoto angemuambia baba yake aache, angeacha?"

Nilitaka kusema ungeacha. Nilitaka sana, Déo. Nilikutafuta kichwani mwangu, nikakuona kila mahali nilipokujua, nikaona usingeacha. Nikasema hapana.

"Basi mwambie bado kidogo."

Agosti ikaingia na vumbi lake. Upepo ule unaotoa mchanga wa njano kwenye malundo ya taka za migodi na kuutia watu mdomoni. Mkeo sasa alikuwa ananipita kwenye miinuko midogo bila kuniambia kitu. Siku moja alisimama mbele ya karakana, hakushuka, mguu mmoja chini, akasema, "Leo."

Hakusema leo nini. Tukapita Bez Valley. Chini ya kile kilima nilimwambia atangulie, kwa sababu sikutaka kusikia cheni yako nyuma yangu pale, nisingeweza. Akatangulia. Sikumtukana. Kona ya kwanza, ya pili. Alipanda amekaa, mgongo umenyooka, kama anabeba ndoo kichwani. Nilimwona akikaribia pale ulipoangukia. Hakujua kwamba ndipo. Sikuwahi kumwonyesha, na hakuwahi kuniuliza, akapita juu yake sawasawa, gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, na mimi nikakwepa.

Kileleni alishuka. Akasimama kando ya uzio, akahema mpaka pumzi zikatulia. Akatazama. Ulipapenda pale, mimi najua kwa nini, lakini nilitazama naye siku ile kama mgeni. Mapaa ya mabati. Moshi wa nyasi zinazoungua. Mnara mmoja mrefu na nguo zimeanikwa madirishani. Gari bovu bila milango. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akawa kama mtu aliyefungua kabati akakuta limeshafagiliwa.

"Njo iyi tu?"

Déo, nilihangaika. Nilitaka kukutetea. Niliwaza jua linavyotokea upande ule asubuhi za Mei, niliwaza ule ukimya unaoingia mwilini ukifika, sikujua vinasemwaje. Nikamwonyesha barabara ya mbele, inavyoanguka kuelekea mjini, nyeusi, laini, haina shimo. Nikasema, "Raha yenyewe iko kwenye kushuka, shemeji."

Akanigeukia.

"Ye hakushuka."

Akaegemeza baiskeli yako kwenye uzio, taratibu, akahakikisha haianguki. Akavua kofia ngumu akaining'iniza kwenye usukani. Akafunga kitenge chake kiunoni akaanza kushuka kwa miguu, kwa njia ile tuliyopandia. Nilimwita. Nikamwambia wataiiba kabla hatujafika chini. Akasema bila kugeuka kwamba anajua.

Nilisimama pale katikati ya baiskeli mbili. Ningeweza kuzikokota zote. Mikono ninayo. Nikaiacha yako, nikamfuata nikiikokota yangu, na tukatembea hivyo mpaka Malvern, mimi na mkeo, kama watu waliotoka sokoni. Njiani alinunua magwinya, yale maandazi ya huku, akala akiwa amesimama, akala tena, mafuta yanamchuruzika kidevuni. Sikuwa nimemwona akila kwa namna ile tangu ufe.

Kesho yake nilipita pale peke yangu. Haikuwepo.

Wameondoka, Déo. Juma lililopita. Dada yake yuko Durban, ana saluni, na Bibiane amesema anataka Grâce akulie mahali ambapo baridi haiumi. Duka la Jules Street sasa mtu anauza vioo vya simu. Walipofunga mizigo niliwasaidia. Cherehani yako kaichukua. Jezi ya kijani aliitumia kufungia vyombo visivunjike. Grâce alinipa mkono kama mtu mzima. Bibiane aliniambia, "Salum, unisamehe, nilikuchosha," na mimi nikasema hukunichosha, na hakuniamini. Kaburini hawakupita kuaga. Nilidhani watapita, nikangoja simu, basi likaondoka.

Kwa hiyo mji huu umebaki na mimi peke yangu.

Nimekuombea dua niliyofundishwa nikiwa mtoto, kwa Kiarabu. Kama huko uliko hawaielewi, mwambie mtu akutafsirie, na usimcheke matamshi yake. Udongo wako umeshuka kidogo katikati. Nitakwenda kuujazia mvua zikianza.

Na ninakuahidi hili. Novemba nitaingia kwenye mbio. Vijana wa kundi wamerudi, wamenenepa, wanataka tuandike jina lako migongoni. Nimewakatalia. Nitapanda kwa jina langu na kwa miguu yangu, na nikichoka ni mimi nitakuwa nimechoka. Na siku Grâce atakapokuwa mkubwa akanitafuta, maana atanitafuta, akaniuliza baba yake alikuwa anafuata nini kule juu, sitamwambia ulikuwa unawawaza wao. Nitamwambia ulikuwa na furaha, na furaha ile haikuwahusu. Nitamwambia kwa Kiswahili, anijibu kwa lugha anayoitaka.

Pumzika sasa, mtu wa makaa. Nje kunapambazuka na sina wa kunitukana nikichelewa, acha nitoke.

Salum